Kutengeneza Metadata Iliyoharibika Bila Kupoteza Mafaili

Programu ya kukarabati mfumo wa mafaili haimtumikii mwenye mafaili; inautumikia mfumo wenyewe. Inachotafuta ni hesabu zilizolingana: kila bloku (kipande kidogo) ya diski iwe na mwenyewe mmoja au isiwe naye kabisa, kila jina lielekee kwenye faili lililopo, na kila idadi iliyoandikwa iwe sawa na idadi iliyohesabiwa. Pale ambapo hesabu haiwezi kulingana ila kwa kulifuta faili zima, programu hiyo italifuta, kisha itatangaza kwamba mfumo ni safi. Ndiyo maana mwenye studio ya picha anaweza kurudishiwa diski isiyo na kosa hata moja, na folda ya harusi nzima isionekane ndani yake. Hatua zinazofuata zimepangwa ili kila moja iache nafasi ya kurudi nyuma. Mifano mingi ni ya ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida kwenye Linux, na baadaye nitagusia NTFS ya Windows na memori kadi za kamera.

Metadata ni taarifa ambazo mfumo huzihifadhi kuhusu faili, mbali na yaliyomo ndani ya faili lenyewe: jina lake, folda lilimo, ukubwa, mwenyewe, ruhusa, nyakati za kuundwa na kubadilishwa, na orodha ya bloku za diski zinazobeba yaliyomo. Bohari la Kilindini likipoteza daftari la karani, magunia hayajaenda popote, lakini hakuna ajuaye gunia lipi ni la nani. Diski iliyoharibika metadata iko katika hali hiyo. Katika ext4, taarifa hizi zote isipokuwa jina na folda lilimo hukaa katika rekodi iitwayo inodi, ambayo kwa kawaida ina baiti 256. Jina lenyewe hukaa ndani ya folda, likiwa limeambatanishwa na namba ya inodi. Juu ya hayo yote ipo supabloku, inayoeleza ukubwa wa mfumo, ukubwa wa bloku na idadi ya inodi, na ambayo nakala zake zimetawanywa kwa makusudi sehemu mbalimbali za diski.

Dalili za uharibifu ni rahisi kuzitambua. Amri ya ls, inayoorodhesha mafaili, huonyesha alama za kuuliza mahali pa ruhusa na tarehe. Faili hukataa kufunguka na kompyuta husema "Structure needs cleaning". Patisheni (sehemu ya diski yenye mfumo wake wa mafaili) hugeuka ghafla kuwa ya kusomwa tu, na ukiandika dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo, unakuta mistari inayoanza na "EXT4-fs error". Hapo kwenye kugeuka kuwa ya kusomwa tu, mfumo unakusaidia, kwa sababu umeona hesabu haziendi na umejizuia kuandika zaidi. Usiulazimishe kuandika tena.

Kabla ya kugusa chochote

Hapa Mombasa lawama ya kwanza huangukia umeme, hasa mvua za masika zinapoanza na taa kuzimika mara kwa mara. Lawama hiyo ni ya kweli kwa sehemu tu. Ext4 ina jarida la mabadiliko, ambamo kila badiliko la metadata huandikwa kwanza kabla ya kupelekwa mahali pake, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi, mfumo kwa kawaida husoma jarida hilo diski inapofunguliwa tena na kumalizia kilichobaki. Metadata ikiharibika hata hivyo, tafuta mshirika wa umeme: diski iliyodai kwamba imeandika ilhali data ilikuwa bado kwenye kumbukumbu yake ya muda, kebo ya SATA ambayo miguu yake imeota kutu kwa hewa ya chumvi, RAM mbovu, au diski inayoelekea kufa. Mshirika huyo lazima ajulikane kabla ya ukarabati, kwa sababu ukikarabati kwenye kompyuta yenye RAM mbovu, programu itasoma metadata nzima, itaona makosa ambayo hayako kwenye diski, na itayaandika yawe ya kweli.

Basi zima kompyuta yenye tatizo, toa diski, na uiunganishe kwenye kompyuta nyingine unayoiamini, iliyo kwenye UPS, ukitumia kebo mpya. Kebo ni kitu cha bei ndogo na sioni sababu ya kuihurumia. Kabla ya kuunganisha, zima tabia ya Linux ya kufungua diski zenyewe mara zinapochomekwa, kwa sababu kule kufungua tu kunaweza kuandika juu yake. Baada ya kuunganisha, itambue diski kwa amri ya lsblk -f, uhakikishe mara mbili kwamba jina uliloliona ni la diski hiyo na si la diski ya kompyuta yako, kisha uifunge isiandikwe. Katika mifano yote ya hapa chini diski hiyo ni /dev/sdb.

blockdev --setro /dev/sdb
smartctl -a /dev/sdb

Amri ya pili huonyesha afya ya diski kama diski yenyewe inavyoikumbuka, katika taarifa ziitwazo SMART. Yapo mambo manne ya kutazama. Namba 5 huhesabu sekta (vipande vidogo kabisa vya diski) zilizokwisha kubadilishwa kwa sekta za akiba. Namba 197 huhesabu zile zinazosubiri kuamuliwa. Namba 198 huhesabu zilizoshindikana kusomeka. Na namba 199 huhesabu makosa yaliyotokea kati ya diski na kompyuta, ambayo mara nyingi chanzo chake ni kebo na wala si diski. Ikiwa 197 au 198 zimepanda juu ya sifuri, ichukulie diski kuwa inakufa, na kila saa inayozunguka ni saa iliyokopwa. Diski kama hiyo hairuhusiwi kufanyiwa ukarabati moja kwa moja hata kidogo. Ikiwa 199 peke yake ndiyo iliyopanda, kuna matumaini makubwa zaidi.

Diski za SSD zina hatari ya ziada. Ubuntu huwa na kazi ya kila wiki inayoiambia SSD ni bloku zipi ziko huru ili izisafishe. Metadata iliyoharibika ikidai kwamba bloku za mafaili yako ziko huru, kazi hiyo itazisafisha kweli, na hakuna programu itakayozirudisha. Ikiwa haiwezekani kuizima kompyuta mara moja, basi angalau andika systemctl stop fstrim.timer.

Picha ya diski

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na wanaoiruka huwa na sababu moja: inachukua muda, na mteja amesimama mlangoni. Ofisi ya uwakala wa forodha iliyosimamisha kazi kwa sababu hati za makontena zimo kwenye diski hiyo haitapenda kusikia kwamba utaanza kwa kunakili diski nzima kabla ya kutengeneza lolote. Hata hivyo, nakala hiyo ndiyo inayokupa ruhusa ya kukosea baadaye. Tumia GNU ddrescue, si dd ya kawaida, kwa kuwa dd ikikutana na sekta mbovu husimama, ilhali ddrescue huiruka, huiandika kwenye ramani yake, na huirudia baadaye.

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map

Amri ya kwanza huchukua yote yanayosomeka kwa urahisi na haipotezi muda kwenye sehemu mbovu. Ya pili huzirudia sehemu zilizobaki mara tatu. Faili la ramani ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu umeme ukikatika usiku katikati ya kazi, ukiandika amri ile ile asubuhi ddrescue itaendelea pale pale ilipoachia, bila kuisumbua tena diski iliyochoka kwa kusoma sehemu zilizokwisha kunakiliwa. Hakikisha mahali unapohifadhi picha ya diski (yaani faili moja lenye nakala ya diski nzima) si FAT32, mfumo wa mafaili wa zamani, kwa kuwa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4.

Picha ikikamilika, ondoa diski asilia, iwekee karatasi yenye jina la mwenyewe na tarehe, na uifungie kabatini. Kisha tengeneza nakala ya pili ambayo ndiyo utakayoifanyia kazi:

cp --sparse=always /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/kazi.img

Ikiwa hifadhi yako ni ya Btrfs au XFS (mifumo mingine ya mafaili ya Linux) yenye uwezo huo, cp --reflink=always hutoa nakala hiyo papo hapo bila kula nafasi nyingine mpaka uanze kubadilisha kitu. Katika hifadhi nyingine, panga nafasi iliyo mara mbili ya ukubwa wa diski.

Kuangalia bila kuandika

Unganisha nakala ya kazi kana kwamba ni diski kamili:

losetup -f --show -P /mnt/akiba/kazi.img

Kompyuta itajibu kwa jina, kwa mfano /dev/loop0, na patisheni zake zitakuwa /dev/loop0p1 na kuendelea. Sasa jaribu kwanza kusoma kabla ya kutengeneza, kwa sababu mara nyingi uharibifu uko kwenye folda chache tu, na yaliyobaki yanaweza kunakiliwa salama yakiwa vile vile:

mount -o ro,noload /dev/loop0p1 /mnt/angalia

Neno noload lina kazi yake. Watu wengi hudhani kwamba ro inatosha kuzuia maandishi, lakini ext4 ikifunguliwa kwa ro peke yake bado husoma jarida lake na kuyaandika mabadiliko yaliyokuwa yakisubiri. Kwa XFS neno la kutumia ni norecovery. Ikifunguka, nakili kila kinachosomeka hadi mahali pengine, ukianza na vile ambavyo mwenye diski amesema hawezi kuvikosa. Kwa ofisi hiyo ya forodha huenda hati za mwezi huu zikatosha kuifungua kazi, na presha yote ya mlangoni ikapungua. Kisha funga kwa umount, na uendelee bila haraka.

Isipofunguka, programu ya debugfs bado inaweza kuingia. Ukiandika debugfs -c /dev/loop0p1, hufunguka kwa kusoma tu na bila kutegemea ramani za bloku na inodi, ambazo huenda ndizo zilizoharibika. Ndani yake, ls huorodhesha folda, stat huonyesha inodi moja kwa undani, na rdump huchota folda nzima pamoja na vilivyomo na kuihamishia kwenye kompyuta yako. Ni programu ya zamani isiyopendeza machoni, lakini huokoa mafaili mengi.

Baada ya hapo, pata orodha ya makosa bila kubadilisha chochote, kwa e2fsck, programu ya kukarabati ext4:

e2fsck -fn /dev/loop0p1 > /mnt/akiba/makosa.txt

Soma orodha hiyo ukijua kasoro yake. Kwa kuwa -n hairuhusu maandishi, jarida nalo halisomwi, na hivyo baadhi ya makosa yanayotajwa si makosa; ni mabadiliko yaliyokuwa bado safarini. Ukitaka orodha ya kweli, andika kwanza e2fsck -E journal_only juu ya nakala ya kazi, ambayo husoma jarida na kuishia hapo, kisha urudie -fn. Mistari mitano au kumi ya hesabu za bloku huru zisizolingana si jambo la kukosesha usingizi. Maelfu ya mistari inayotaja inodi zenye bloku haramu ni habari nyingine, na huashiria kwamba sehemu ya jedwali la inodi imefunikwa na takataka.

Ukarabati

e2fsck hufanya kazi yake kwa awamu tano. Awamu ya kwanza hukagua inodi na bloku zake, ya pili muundo wa folda, ya tatu kama kila folda imeungana na shina (folda kuu), ya nne idadi ya majina yanayoelekea kila inodi, na ya tano jumla za kila kundi la bloku. Uzito wa maswali yake hupungua kadiri awamu zinavyosonga, na hilo ndilo jambo la kulishika unapojibu. Maswali ya awamu ya tano yanaweza kukubaliwa yote, kwa sababu yanarekebisha jumla tu. Maswali ya awamu ya kwanza na ya pili yenye neno Clear ndiyo ya kuogopa, maana kukubali ni kufuta inodi au sehemu yake, na pamoja nayo njia pekee ya kuyafikia yaliyomo. Kabla ya kukubali Clear, andika namba ya inodi hiyo, fungua debugfs juu ya picha asilia kwenye dirisha jingine, na ujaribu kuichota kwa dump. Swali linalouliza kama folda iliyotengana iunganishwe na lost+found (folda ya vitu vilivyopoteza majina) lijibiwe ndiyo daima. Mafaili mawili yakidai bloku moja, programu itapendekeza kumpa kila mmoja nakala yake. Kubali, lakini ujue kwamba angalau faili moja kati ya hayo mawili lina yaliyomo ya mwenzake.

Kwa sababu hiyo siipendi -y, ambayo hujibu ndiyo kwa kila kitu. Ina mahali pake, kwa mfano makosa yakiwa maelfu na ukiwa umeshayaokoa yote yanayookoleka, lakini isitumiwe kuwa jibu la kwanza. Uitumie au usiitumie, ambatanisha amri na faili la kutendua:

e2fsck -f -z /mnt/akiba/kazi.undo /dev/loop0p1

Kila bloku itakayobadilishwa huhifadhiwa kwanza humo. Matokeo yakiwa mabaya, e2undo /mnt/akiba/kazi.undo /dev/loop0p1 huirudisha patisheni ilivyokuwa, jambo ambalo ni la haraka kuliko kunakili tena picha ya mamia ya GB.

Supabloku ikiwa imeharibika, e2fsck kwa kawaida huitafuta nakala yenyewe. Ikishindwa, ielekeze. Kwa mfumo wenye bloku za baiti 4096, ambao ndio wa kawaida, nakala ya kwanza iko kwenye bloku ya 32768, na zinazofuata ziko 98304, 163840 na 229376:

e2fsck -b 32768 -B 4096 /dev/loop0p1

Utakuta ushauri wa kuzitafuta nakala hizo kwa mke2fs -n. Ushauri huo ni sahihi, ila amri hiyo bila ile -n huumba mfumo mpya juu ya ule wa zamani. Mimi huiandika juu ya nakala ya kazi tu na kamwe si juu ya diski.

Programu ikimaliza, andika echo $? mara moja. Sifuri ni kwamba hakuna kosa lililoonekana, moja ni kwamba makosa yamerekebishwa, na nne ni kwamba mengine yamebaki. Rudia e2fsck -f mpaka upate sifuri.

Kwa XFS programu ni xfs_repair, nayo ina -n yake ya kuangalia tu. Jarida likiwa na kazi iliyobaki itakataa kuendelea na itakutaka ufungue mfumo kwanza ili jarida lisomwe. Wengi hapo hukimbilia -L, ambayo hulitupa jarida lote pamoja na mabadiliko yaliyokuwamo. Iwe ya mwisho, baada ya kufungua kushindikana. Kwa Btrfs, jaribu btrfs restore, inayochota mafaili bila kuandika kwenye diski, na uache btrfs check --repair mpaka njia nyingine zote ziishe.

Ndani ya lost+found

Mafaili yaliyopoteza jina huwekwa hapa, kila moja likiitwa alama ya reli na namba ya inodi yake. Kwa kuwa kilichopotea ni jina tu, ukubwa, mwenyewe na tarehe bado ni za kweli, na unaweza kuzitumia kupanga. Anza na folda, si mafaili. Folda iliyotengana na mzazi wake imepoteza jina lake yenyewe, lakini majina ya vilivyomo ndani mara nyingi yapo kamili, hivyo ukiifungua moja na kukuta picha mia tatu zenye majina yake, umemaliza kazi ya saa nzima kwa kubadilisha jina moja. Mafaili yaliyobaki yapitishe kwenye amri ya file, inayotambua aina ya kila moja kwa kusoma mwanzo wake. Picha za JPEG kwa kawaida hubeba tarehe ya kupigwa ndani yake, na hati nyingi za PDF nazo hutambulika kwa kuzifungua tu.

NTFS na memori kadi

Kwenye Windows, metadata ya NTFS iko ndani ya MFT (jedwali kuu la mafaili), na rekodi nne za kwanza za MFT zina nakala yake katika $MFTMirr. Amri ya chkdsk bila nyongeza huangalia tu. /F huandika, na /r hutafuta pia sekta mbovu kwa kusoma diski nzima, jambo ambalo diski inayokufa huenda isilimudu. Diski ikichomekwa na Windows ikajitolea kuichunguza na kuirekebisha, kataa mpaka uwe na picha. Vipande visivyo na mwenyewe huwekwa kwenye folda iliyofichwa iitwayo found.000. Ntfsfix ya Linux hufanya marekebisho machache tu, haichukui nafasi ya chkdsk.

Memori kadi za kamera zinazozidi GB 32 kwa kawaida hutoka kiwandani na exFAT, ambayo haina jarida. Usihangaike sana na ukarabati wake: toa kadi, chukua picha yake kwa ddrescue, na uielekeze programu ya PhotoRec kwenye picha hiyo ya kadi, kwa kuwa PhotoRec haitegemei metadata hata kidogo, bali hutafuta mwanzo wa kila aina ya faili. Majina hayatarudi, lakini picha nyingi zilizopigwa zitarudi.

Kurudisha kwa mwenyewe

Usiirudishe picha iliyokarabatiwa kwenye diski ile ile ikiwa SMART iliilalamikia. Nunua diski nyingine, iumbie mfumo mpya, na unakili mafaili ndani yake. Mwenyewe na akae mbele ya kompyuta afungue mafaili kadhaa kutoka kila folda muhimu, kwa sababu faili lenye jina sahihi na ukubwa sahihi linaweza kuwa na yaliyomo ya faili jingine, na ni yeye tu atakayelitambua. Diski asilia na picha yake visifutwe mpaka akubali kwa kinywa chake kwamba kazi zake zote anazo.

Kabla hajaondoka, muwekee kompyuta amri hii ijiendeshe kila usiku, na matokeo yake yaende nje ya diski hiyo:

find /data -xdev -printf '%i %s %TY-%Tm-%Td %p\n' > /mnt/nje/majina.txt

Ni orodha ya namba ya inodi, ukubwa, tarehe na njia kamili ya kila faili. Haichukui nafasi ya nakala rudufu, ambayo bado anaihitaji, lakini siku lost+found itakapojaa namba, kila namba itakuwa na jina lake kwenye orodha hiyo, na kazi ya kuyarudisha majina itafanywa na skripti fupi badala ya macho.